Veto ya rais, yaani nguvu yake ya kukataa muswada uliopitishwa na bunge: ya Nairobi, ya Dodoma, ya Kinshasa au ya Pretoria, we ungechukua ipi?

Usiku wa tarehe 25 Juni 2024 binamu yangu wa Likoni, anaendesha tuktuk, alitupia kwenye grupu la ukoo voisi kumi na kitu na zote zinasema neno moja: asisaini, jamani, huyo mtu asisaini. Mchana wake wabunge wa Kenya walikuwa washapitisha Muswada wa Fedha, 195 ndiyo, 106 hapana, vijana wakaingia mpaka ndani ya bunge, watu wakapigwa risasi wakafa barabarani, na kitu pekee kilichobaki kati ya ule muswada na mfuko wa mwananchi kilikuwa kalamu ya Ikulu. Kesho yake Ruto akatangaza hasaini, anaurudisha bungeni na anataka vifungu vyote vifutwe. Grupu zima likalipuka kwa shangwe, hata sisi wa Tanga ambao hiyo kodi wala haituhusu.

Sasa mi nina ugonjwa wa kutofuta voisi. Nikapekua nyuma mpaka Septemba 2018 nikamkuta binamu yuleyule, sauti ileile, kasoro miaka sita, anafoka: yaani mtu mmoja anapata wapi nguvu ya kukataa kitu walichopitisha wabunge wote? Siku hizo alikuwa anazungumzia mafuta. Bunge lilikuwa limepiga kura kusogeza mbele VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye petroli na dizeli, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kusaini, na tuktuk haiendeshwi kwa maji.

Nikamrushia zote mbili kwa pamoja. Akacheka, akasema we mtu wa Tanga una roho mbaya. Ila hakunijibu, na nadhani wengi wetu tungekwama hapohapo, kwa sababu ukimuuliza mtu barabarani kama anataka rais awe na veto, kichwani anajibu kuhusu muswada wa wiki hii. Ndo maana nimekaa nikalinganisha hizi veto za majirani zetu moja moja, ili mtu akisema anaitaka au haitaki ajue anaongelea ipi, maana ziko tofauti kuliko watu wanavyodhani. Na huku kwetu mjadala wa katiba mpya haujafa, umelala tu, siku ukiamka hiki kifungu kitakuwemo na tutaulizwa.

Kabla sijaanza niwape maswali mawili ambayo mi natumia kupima. La kwanza: rais akinyamaza, asisaini wala asirudishe, kinatokea nini? La pili: bunge likitaka kumpinga linahitaji kura ngapi, na mbunge ambaye hajaja kazini siku hiyo anahesabiwa upande gani? Ukishapata hayo majibu mengine yote ni mapambo.

NAIROBI

Nianze na Kenya kwa sababu ndo kuna mikasa. Ibara ya 115 ya Katiba ya 2010 inampa rais siku 14 tangu apokee muswada. Ama anasaini ama anaurudisha na waraka unaosema nini hakimpendezi. Asipofanya lolote, siku zikiisha muswada unahesabika umesainiwa. Kwa hiyo kukalia muswada mpaka uoze hakuna, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Ukisharudishwa bungeni kuna njia mbili. Bunge likikubali mawazo ya rais yote, linarekebisha kwa kura za kawaida, unarudi Ikulu unasainiwa. Likikataa, au likikubali nusunusu, lazima lipate theluthi mbili ya wabunge wote, na kama ni muswada unaogusa kaunti, theluthi mbili ya Seneti pia. Wakipata, rais ana siku saba za kusaini, asiposaini inakuwa sheria hivyohivyo.

Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika. Theluthi mbili ni 233. Hebu igeuze hiyo hesabu uione kwa upande wa Ikulu: rais anahitaji watu 117 tu ambao hawatainua mkono. Na sio lazima wampende. Aliyeko Dubai anamsaidia rais, aliyeko kantini anamsaidia rais, mgonjwa hospitali naye anamsaidia, kwa sababu hesabu ni ya wabunge wote, sio ya waliomo ukumbini. Mbunge anaweza kurudi jimboni akaapa kwamba yeye hakuwahi kuunga mkono hiyo kodi, na itakuwa kweli, ila hakuwepo.

Ndicho kilichotokea kwa mafuta ya binamu. Bunge mwishoni mwa Agosti 2018 lilisema VAT isubiri miaka miwili, saini ikakosekana, Septemba mosi bei ikapanda, wasafirishaji wa mafuta wakagoma, foleni kwenye vituo mpaka basi. Uhuru akarudisha muswada akiwa na pendekezo lake la asilimia 8. Tarehe 20 Septemba ukumbi ukawa vurugu tupu, kelele, wabunge wanadai idadi yao haijahesabiwa sawa, mwisho ikatangazwa 233 haijafika. Basi, asilimia 8 ikapita. Angalia vizuri hapo: bunge lilisema sifuri kwa miaka miwili, sheria ilikuwa inasema 16, na namba iliyoshinda ni 8, namba aliyoiandika rais kwenye waraka wake. Kuipitisha kulihitaji kura za kawaida, kuikataa kulihitaji 233. Nani sasa alitunga sheria hapo?

Mwaka uliofuata tena. Wakenya wanaokopa benki wanakumbuka ile sheria ya 2016 iliyofunga riba isizidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Bunge lilitaka ibaki. Oktoba 2019 Uhuru akarudisha Muswada wa Fedha na waraka unaosema kile kifungu kiondolewe, Novemba wabunge wakashindwa kufika 233, kifungu kikaondoka. Kwa maoni yangu hiyo sio kukataa sheria, hiyo ni kutunga sheria kwa mlango wa nyuma, na ukinisukuma nikuambie kasoro kubwa kuliko zote ya veto ya Kenya ntakwambia ni hiyo, rais kuandika maneno yake ndani ya waraka halafu hesabu ikamlinda.

Lakini subiri, usikasirike bado. Rudi Oktoba 2012. Bunge lilikuwa linaelekea kumaliza muda wake, wabunge wakachomeka kwenye Muswada wa Fedha kifungu cha kujipa kiinua mgongo, shilingi milioni 9.3 za Kenya kila mmoja. Kila mmoja! Watu wakaandamana Nairobi, Rais wa wakati huo, Kibaki, akakataa kusaini, na sikumbuki kuona Mkenya yeyote asiye mbunge aliyelia kwa ajili ya uhuru wa bunge siku ile. Na 2007, wakati bado wanatumia katiba ya zamani, wabunge waliweka kwenye muswada wa habari kipengele cha kumlazimisha mwandishi ataje nani alimpa habari, waandishi wakaandamana Nairobi kimya kimya wamejibandika plasta mdomoni, Kibaki akaurudisha. Juzijuzi tu, Aprili 2025, Ruto alirudisha muswada wa mgongano wa maslahi akisema bunge limeulegeza mno, akausaini Julai baada ya kukazwa.

Kwa hiyo kalamu ileile. Milioni 9.3, veto nzuri. Mafuta, veto mbaya. Juni 2024, veto nzuri sana, jamani asisaini. Watu sio wanafiki kama wachambuzi wengine wanavyowasema, mi naona wana msimamo mmoja tu na uko wazi kabisa: yeyote anayetaka kugusa mfuko wangu azuiwe, na nani amzuie mi sijali. Tatizo katiba haiwezi kuandikwa hivyo.

Kuhusu saa ya siku 14 pia sio asali tupu. Ile wiki ya Juni 2024 watu walikuwa wanahesabu siku kwa vidole, maana kama Ruto angekaa kimya tu kodi zingekuwa sheria zenyewe bila yeye kuonekana ameshika kalamu. Na kuna mwaka ukimya ulitumika hivyohivyo. 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa Agosti, bunge ambalo wapinzani walikuwa wamelisusia likapitisha mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, kelele zikawa nyingi ndani na nje, Uhuru hakusaini wala hakurudisha, mwanzoni mwa Novemba siku zikaisha sheria ikawa sheria. Ukimya nao ni saini, wino tu ndo hauonekani.

Na tena nisisahau, veto haiziki kitu. Desemba 2024 kuna vipande vya ule muswada uliokataliwa vilirudi kwa jina lingine kwenye sheria ya marekebisho ya kodi, ikasainiwa tarehe 11, watu wako kwenye maandalizi ya Krismasi. Vijana wengine walikuja kushtuka Januari.

DODOMA

Huku kwetu ni hadithi nyingine kabisa. Ibara ya 97 ya Katiba ya 1977 inasema rais anaweza kuukubali muswada au kukataa, akikataa anaurudisha bungeni na sababu. Mpaka hapo sawa na Kenya. Sasa tafuta siku. Akipelekewa mara ya kwanza ana siku ngapi? Nimesoma ile ibara juu chini, siku hazipo. Swali langu la kwanza, rais akinyamaza nini kinatokea: muswada unakaa. Hakuna saa inayogonga.

Akirudisha, hautakiwi kupelekwa kwake tena mpaka miezi sita ipite, isipokuwa theluthi mbili ya wabunge wote wauunge mkono. Wakiuunga na ukapelekwa ndani ya hiyo miezi sita, hapo ndo siku zinatokea, 21, na inakuja sentensi ambayo mi naipenda kuliko zote kwenye katiba yetu kwa jinsi ilivyo kama mchezo wa kuigiza: rais aukubali ndani ya siku 21, la sivyo itabidi alivunje Bunge.

Alivunje! Na ukiruka mpaka ibara ya 38 unakuta Bunge likivunjwa kiti cha rais nacho kinakuwa wazi, uchaguzi. Yaani mbunge anayempinga rais kwa theluthi mbili anahatarisha kiti chake, rais anayekataa anahatarisha chake, wote wawili wanarudi kwetu kuomba kura. Kwenye karatasi hii ni safi sana, ukibishana mpaka mwisho mwananchi ndo refa. Kenya hawana hiyo.

Ila ni karatasi. Kwa vitendo nani kati ya wabunge wetu atapiga kura ya kuhatarisha ubunge ambao kaulipia kwa jasho, mkopo na nini sijui, kwa ajili ya muswada? Na miswada yenyewe karibu yote inatoka serikalini, imeandikwa na wizara ambazo mawaziri wake kateua yeye, chama chake kina wabunge wengi mno, Bunge la 2020 karibu ukumbi mzima ulikuwa CCM. Rais arudishe muswada wake mwenyewe? Kama kuna ugomvi uliisha zamani kwenye kikao cha chama, huko ambako mimi na wewe hatualikwi.

Kwa hiyo Tanzania shinikizo la watu halisubiri veto, linakuja baada ya saini. Mifano miwili. 2013, ule muswada wa kurekebisha sheria ya mabadiliko ya katiba, Septemba wapinzani wakatoka bungeni, kukawa na kushikana mashati, CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi wakaungana kumwomba Kikwete asisaini. Oktoba akasaini. Halafu akakutana nao Ikulu wakaongea, marekebisho mengine yakaenda bungeni kabla mwaka haujaisha. Yaani badala ya kurudisha muswada alisaini kwanza akatengeneza baadaye, kama fundi anayekukabidhi suruali ndefu anakwambia vaa kwanza tutakunja.

Wa pili mnaukumbuka wote, tozo ya miamala ya simu. Ikaanza Julai 15, 2021, kutuma unakatwa, kutoa unakatwa, kelele mtandaoni mpaka vijiweni, ndani ya wiki Rais Samia akaagiza iangaliwe upya, mwishoni mwa Agosti ikatangazwa kupunguzwa asilimia 30, 2022 ikapunguzwa tena na ile ya kutuma simu kwa simu ikaja kuondolewa. Dada yangu ana kibanda cha uwakala hapa Tanga, ile wiki ya kwanza alikaa anatazama barabara, watu walirudi kubeba hela kwenye soksi. Sasa linganisha: Nairobi muswada ulizuiwa kabla haujaanza kuuma, ila kwa damu. Dodoma uliuma kwanza, ukapunguzwa polepole kwa maagizo, hakuna aliyekufa, ila pia hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba rais lazima atusikilize. Alisikiliza kwa kupenda. Kesho asipopenda?

Mi hapa ndo nagombana na baba mdogo, anasema utaratibu wetu una busara, mambo yanaisha kwa kuongea bila watu kumiminika barabarani. Namwelewa. Ila busara ya mtu haina ibara.

PRETORIA, KAMPALA NA WASHINGTON, haraka haraka

Afrika Kusini wamefunga veto kwenye kamba fupi. Rais hawezi kurudisha muswada kwa sababu kodi ni kubwa au hajapenda, anaweza tu akiona unavunja katiba. Bunge likiurudia na bado hajaridhika, anaupeleka Mahakama ya Katiba, majaji wakisema uko sawa lazima asaini. Hakuna theluthi mbili wala kuhesabu nani yuko kantini. Inavutia sana kusoma. Na ina mantiki yake, kule rais anachaguliwa na bunge, sio moja kwa moja na wapiga kura, sasa atawakatalia waliomweka kwa mamlaka gani.

Ubaya: hakuna siku. Muswada wa hakimiliki ulipitishwa bungeni Machi 2019, Ramaphosa akaurudisha Juni 2020, bunge likaupitisha tena 2024, akaupeleka mahakamani. Hesabu mwenyewe miaka. Na kingine, kwa kipimo cha Pretoria Juni 2024 Ruto angekuwa amefungwa mikono, maana kodi inayoumiza watu sio lazima iwe inavunja katiba. Binamu wa Likoni akisikia hivyo anakataa papo hapo, hataki hata kusikia mengine.

Uganda ni ya wavumilivu. Rais ana siku 30, akirudisha mara mbili na bunge likapitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ndo inakuwa sheria bila yeye. Muswada wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba ulipitishwa Oktoba 2017, Museveni akarudisha Desemba akihofia mbegu za asili, bunge likapitisha tena Novemba 2018 kwa jina jipya, akarudisha tena 2019. Mara ya tatu wakachoka. Kwa mkulima asiyezitaka hizo mbegu hapo veto ilifanya kazi nzuri, kwa mtafiti wa Kawanda, kituo chao cha utafiti wa kilimo, ni miaka ya kazi imekaa kabatini.

Marekani nawataja kwa sababu veto za kwetu nyingi zimekopa kwao ile theluthi mbili, na kwao kuna kumbukumbu ndefu. Tangu George Washington mpaka mwisho wa 2024 marais wamekataa miswada zaidi ya 2,500, na bunge limewashinda mara 112. Hiyo ndo theluthi mbili kwa vitendo. Mtu akikwambia "lakini bunge linaweza kumpindua rais", mwambie ndiyo, na mi naweza kuoga bahari ya Hindi mpaka Pemba. Kwao ukimya ni kama Kenya, siku 10 bila Jumapili kisha inakuwa sheria, isipokuwa bunge likiwa limeahirishwa, hapo ukimya unaua muswada na hawana la kufanya.

KINSHASA

Hii ndo iliyonishangaza, na nakiri sikuitarajia. Shemeji yetu wa Lubumbashi ndo alinishtua, akasema kaka mbona unawasahau wa Kongo. Katiba yao ya 2006, ibara ya 137: rais ana siku 15 za kuomba bunge liujadili upya muswada au vifungu fulani. Bunge na Seneti wakiupitisha tena, hata bila kubadili nukta, inatosha nusu na zaidi ya wabunge wote wa kila ukumbi. Sio theluthi mbili. Na ibara ya 140, akikaa kimya siku 15 sheria inatangazwa yenyewe.

Ukiiweka pembeni ya Kenya tofauti ni kubwa. Pale Nairobi Septemba 2018 kwa kipimo cha Kinshasa zilihitajika kura 175 badala ya 233, na 2019 vilevile. Rais wa namna hii hawezi kuandika namba yake akaisukuma. Anaweza kusema jamani fikirieni tena, na anaweza kuwachelewesha watu wapate muda wa kusoma, basi. Na bado mbunge asiyekuja anahesabika dhidi ya muswada, kwa hiyo utoro una bei lakini sio bei ya kumpa mtu mmoja kiti cha kutunga sheria.

Kama ningekuwa naishi kwenye daftari ningechukua hii bila kufikiri mara mbili. Ila shemeji mwenyewe ndo alinipoza. Akaandika: kaka, nusu au theluthi ni namba tu, waulize kwanza wale walioko bungeni wametoka mfuko wa nani. Kule muungano wa rais umejaza ukumbi, kwa hiyo rais hakatai muswada, muswada usiomfaa haufiki. Ni Dodoma iliyovaa suti ya Kifaransa.

SASA UNACHAGUAJE

Ntakwambia navyochagua mimi, we bishana. Kuna Afrobarometer, wale wanaopita nchi nyingi za Afrika kuuliza watu, miaka mingi wamekuwa na swali wanalokupa sentensi mbili: moja inasema wabunge ndo wawakilishi wa watu kwa hiyo watunge sheria hata kama rais hakubali, nyingine inasema rais anatuwakilisha sote kwa hiyo apitishe sheria bila kujali bunge linafikiri nini. Kwenye nchi nyingi walio wengi wanachukua ya kwanza. Hata mimi ningechukua. Ila ona swali halina sentensi ya tatu, ile ya binamu: wote wawili siwaamini, nataka kila mmoja amshike mwenzie shati.

Kama hofu yako kubwa ni wabunge, kujipandishia marupurupu, kupitisha vitu usiku, basi theluthi mbili ya Kenya ni rafiki yako na ile milioni 9.3 ndo ushahidi. Kama hofu yako ni rais kugeuza kukataa kuwa kuandika, nenda Kinshasa. Kama unaona siasa zote uchafu na unawaamini majaji, Pretoria, ila uwe na subira ya mwenye kupanda minazi. Na kama unaishi kwenye nchi ambayo chama kimoja kimejaza ukumbi, jamani, namba zote hizi haziamui kitu, kinachokusaidia ni saa. Siku ziandikwe, na sababu ziandikwe zitolewe hadharani, ili hata kama matokeo ni yaleyale jina la mtu liwepo kwenye karatasi. Ndo maana kwa Tanzania mi ningeanza na hilo kabla ya kugusa theluthi yoyote: siku 14 au hata 21, na ukimya usiwe wa bure, akinyamaza aseme kwa nini amenyamaza.

Ile ya kuvunja Bunge ningeiacha ilivyo. Najua haijawahi kuwa na meno na haitakuwa nayo karibuni, ila napenda wazo kwamba mahali fulani kwenye sheria zetu kuna mlango ambao wakubwa wote wawili wakigombana sana wanajikuta uani kwangu.

Nikaweka hayo yote kwenye grupu, refu hivihivi. Baba mdogo akaniwekea kidole gumba, maana yake hajasoma. Binamu alijibu baada ya saa mbili, alikuwa kwenye foleni ya feri. Akasema yeye anachukua siku 14 za Kenya, nusu ya Kongo kwa mambo ya mafuta, na theluthi mbili kwa mambo ya mishahara ya wabunge. Nikamwambia haiwezekani, katiba haina menyu. Akasema basi we andika hivyo hivyo, abiria kapanda, ntakupigia.